Mwendo Ndani ya Picha Mnato: Swali la Falsafa kutoka Njia ya Misafara

Picha mnato haisogei, lakini mtaa unaopigwa picha hautulii. Kuna mwendesha baiskeli, mama mwenye ndoo kichwani, bodaboda inayokata kona, mtoto anayekimbilia ng'ambo ya barabara. Namna ya kuuweka mwendo wao katika kitu kisichosogea imezaa maswali matatu ambayo ufundi peke yake hauyamalizi. La kwanza ni la ukweli: picha iliyousimamisha mwendo inasema kweli au inadanganya? La pili ni la wakati: hiyo "sasa" ambayo picha hudaiwa kuishika ipo, na kama ipo, ina urefu gani? La tatu ni la mtu mwenyewe: mpita njia aliyeingia katika picha akiwa safarini ana haki gani mbele ya mpigapicha na mbele ya mtazamaji?

Tabora ni mahali pazuri pa kuyachunguza maswali hayo, kwa kuwa mji huo ulizaliwa na mwendo wa watu. Katika karne ya 19 ulikuwa kitovu cha Unyanyembe, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mmoja ulikaribia kilo 30. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa ambao mwendo wao haukuwa wa hiari. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne ya safari. Reli kutoka Dar es Salaam iliingia mjini mwaka 1912 na kufika Kigoma mwaka 1914. Nje ya mji, Kipalapala, ipo seminari kuu ya Mtakatifu Paulo. Tangu miaka ya 1920 vijana wanaojiandaa kwa upadri wamesomea huko, na katika elimu ya aina hiyo hoja za Aristotle, Augustino na Thoma wa Akwino juu ya mwendo na wakati zina nafasi ya msingi.

Kamera ilikaribia njia ya misafara mapema, ila haikuweza kuuona mwendo wake. Mwaka 1860 Speke alirudi Afrika Mashariki pamoja na James Augustus Grant, aliyepiga picha Unguja kabla ya kuelekea bara. Ufundi wa wakati huo, uliobuniwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, ulitaka kioo kipakwe dawa, kipigwe picha na kusafishwa kingali kimelowa, na kazi hiyo ilihitaji hema dogo la giza. Katika kitabu cha safari yao, kilichotoka mwaka 1863, Speke alieleza kwamba joto la hema lile lingemuua mwenzake upesi. Kamera ikaachwa, Grant akashika penseli, na msafara uliofika Kazeh Januari 1861 ukahifadhiwa kwa michoro. Picha za wapagazi zilipoanza kuwa nyingi katika miongo iliyofuata, mara kwa mara ziliwaonyesha wamesimama, macho kwenye lenzi, mizigo imetulia mabegani au chini. Waliojulikana kwa kutembea wakaingia katika kumbukumbu kama watu wa kusimama.

Sababu yake inaonekana wazi katika picha moja ya Paris. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple kutoka juu, mchana kweupe. Barabara ilikuwa na pilikapilika, lakini katika picha inaonekana tupu. Magari ya farasi na wapita njia hawakukaa mahali pamoja kiasi cha kuacha alama kwenye bamba lililohitaji dakika kadhaa za mwanga. Anayeonekana waziwazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishwa viatu. Katika picha ile, kuwepo ni kutulia, na anayekwenda hahesabiwi kuwa yupo. Hiyo ni kauli nzito juu ya maumbile ya vitu, na kamera iliitoa bila mtu yeyote kuikusudia.

Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1870. Richard Leach Maddox alibuni bamba kavu la jelatini mwaka 1871. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi akathibitisha kwamba farasi anayekimbia kuna wakati huinua miguu yote minne, tena ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuionyesha. Kamera iliyokuwa haiuoni mwendo sasa iliona ndani yake yale ambayo jicho la mtu halina uwezo wa kuyaona.

Mpigapicha wa mtaani leo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuugandisha mwendo. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa husogea milimita 4 tu shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, na mwendeshaji hutoka wazi hadi vifungo vya shati. Ya pili ni kuuacha mwendo uchore ukungu wake: kwa 1/60 baiskeli hiyo husogea sentimita 7, na kwa 1/15 husogea sentimita 28, hivyo mtu hugeuka mkondo wa rangi mbele ya maduka yaliyotulia. Ya tatu ni kumfuata kwa kuigeuza kamera sambamba na kasi yake. Mtu hutoka wazi, na mji wote nyuma yake hukimbia. Uchaguzi huo hautegemei hiari tupu. Kwa jua kali la mchana wa Tabora na usikivu wa mwanga wa ASA 100, kipimo cha kawaida ni tundu la f/16 kwa 1/125. Anayetaka 1/15 angehitaji f/45, ambayo lenzi nyingi hazina. Kwa hiyo ukungu wa mwendo ni picha ya alfajiri, ya jioni, ya kivulini chini ya miembe, au ya mtu aliyefunika lenzi kwa kioo cha kupunguza mwanga.

Gurudumu la baiskeli linastahili kutazamwa kwa karibu. Kamera ikiwa imetulia na shata ikiwa 1/60, spoki za chini, zile zinazokaribia lami, hutoka wazi kiasi cha kuhesabika, ilhali za juu huyeyuka na kuwa ukungu wa kijivu. Gurudumu linalobingirika bila kuteleza halina kasi moja kila mahali. Nukta inayogusa ardhi imetulia kwa muda ule wa kugusa. Ekseli inakwenda kwa kasi ya baiskeli. Nukta ya juu kabisa inakwenda kwa kasi mara mbili ya hiyo. Ekseli ikisogea sentimita 7, sehemu ya juu husogea karibu sentimita 14, na ya chini karibu haisogei. Chombo kimoja, katika picha moja, kina utulivu na mwendo kwa pamoja, na vyote viwili ni vya kweli. Ile njia ya tatu nayo hufundisha jambo linalofanana na hilo: mwendesha bodaboda akifuatwa na kamera, yeye ndiye anayetulia na Tabora ndiyo inayosogea. Galileo alikwisha kuonyesha kwamba mtu aliye ndani ya meli inayokwenda sawasawa hawezi kuutambua mwendo huo kwa yale yanayotokea humo ndani. Picha hurithi mahali aliposimama aliyeipiga.

Hapo ndipo swali la wakati linapoingia. Zeno wa Elea, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alidai kwamba mshale unaoruka umetulia, kwa kuwa katika kila nukta ya wakati unajaza nafasi iliyo sawa na urefu wake tu. Picha iliyogandishwa huonekana kumpa haki Zeno. Aristotle alijibu kwamba wakati haukuundwa kwa "sasa" nyingi zilizopangwa, kama vile mstari haukuundwa kwa nukta. Akaongeza jambo ambalo mpigapicha hana budi kulizingatia: katika "sasa" isiyo na urefu hakuna kitu kinachosogea, na pia hakuna kinachotulia, maana vyote viwili vinahitaji muda. Kwa hoja hiyo, picha ya mguu ulio hewani haisemi kwamba mguu ulitulia. Anayesoma utulivu pale amejiongezea mwenyewe.

Tena hakuna picha iliyowahi kuishika "sasa" hiyo. Sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde bado ni muda, na zile milimita 4 za baiskeli ni ushahidi wake. Hata sehemu zote za picha moja huenda zisiwe za wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Jacques Henri Lartigue alipiga picha gari la mashindano nchini Ufaransa. Gurudumu likatoka duara refu lililoinama upande mmoja, na watazamaji wa kando ya barabara wakainama upande wa pili. Upenyo wa shata ulipita juu ya bamba kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo kila ukanda wa picha ulikuwa na wakati wake. Simu nyingi za leo husoma mwanga mstari kwa mstari kwa namna inayofanana, ndiyo maana daladala iliyopita kasi karibu na simu hutokea imeinama. Picha ni kipande cha muda chenye unene, na unene huo ndio unaoruhusu mwendo kuacha alama.

Kuhusu ukweli, mchongaji Auguste Rodin alitoa hoja nzito katika mazungumzo yake na Paul Gsell yaliyochapishwa mwaka 1911. Alitetea farasi wa mchoraji Géricault katika mchoro wa mashindano ya Epsom wa mwaka 1821, wale waliokunjua miguu kwa namna ambayo picha za Muybridge zilikuwa zimekwisha kuikanusha. Kwa Rodin, msanii ndiye msema kweli na picha ndiyo inayodanganya, kwa sababu wakati hausimami: jicho huona msukumo wa miguu ya nyuma na mfiko wa miguu ya mbele kama tendo moja. Hoja hiyo inashika upande mmoja wa jambo. Kuna ukweli wa tukio, ambao Muybridge aliuthibitisha, na kuna ukweli wa kulipitia tukio, ambao Rodin aliutetea. Picha ya mtaani inadaiwa vyote viwili, na kila njia ya kupiga hulipa kimoja kwa kukopa kingine. Mgandisho humtaja mtu na kunyamazia kupita kwake. Ukungu hutaja kupita kwake na kumficha mtu.

Jibu lenye kina zaidi lilitoka Afrika Kaskazini. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika katika kitabu cha 11 cha Maungamo, karibu na mwaka 400, kwamba yaliyopita hayapo tena, yajayo hayajawa, na yaliyopo hayana urefu. Hata hivyo wanadamu hupima wakati. Alihitimisha kwamba hupimwa ndani ya nafsi, ambayo hukumbuka, huzingatia na hutarajia. Mfano wake ni mtu anayesema zaburi kwa moyo: kadiri anavyoendelea, yaliyotarajiwa hupungua na yaliyokumbukwa huongezeka. Ichukuliwe picha ya mama anayevuka barabara karibu na soko la Tabora, mguu mmoja hewani. Mtazamaji hukumbuka kwa niaba yake hatua iliyotangulia na hutarajia mahali mguu utakapotua. Kamera hutoa kipande cha katikati; nafsi hutoa kabla na baada. Mwendo haukukamatwa na kamera, bali hurudishwa na anayetazama.

Yupo atakayeuliza kama basi mwendo wa pichani ni ndoto ya mtazamaji. Jibu linapatikana kwa Thoma wa Akwino, aliyefuata fundisho la Aristotle kwamba mwendo ni kitu halisi: ni kupita kutoka uwezekano kwenda ukamilifu. Katika picha ya yule mama, uzito wa mwili umekwisha kuuvuka mguu unaoubeba; hawezi kubaki alivyo bila kuanguka. Upindo wa kanga umebaki nyuma ya goti, na vumbi lingali juu nyuma ya kisigino. Alama hizo zimo katika picha kabla ya mtu yeyote kuitazama. Mtazamaji anausoma mwendo, haubuni, na anaweza kuusoma vibaya vilevile.

Thoma aliuanzia mwendo uthibitisho wake wa kwanza wa kuwapo kwa Mungu: kila kinachosogezwa husogezwa na kingine, na mfululizo huo hauwezi kurudi nyuma bila kikomo, hivyo yupo msogezaji wa kwanza asiyesogezwa. Kutokana na fundisho hilo mtu anaweza kupotoka na kudhani kwamba picha, kwa kuwa haisogei, inakaribia umilele. Boethius, katika karne ya 6, alikwisha kuifunga njia hiyo alipofundisha kwamba umilele ni kuwa na uhai wote usio na mwisho, kwa ukamilifu na kwa pamoja. Utulivu wa Mungu ni utimilifu wa uhai. Utulivu wa picha ni upungufu wa uhai. Picha hudumu, lakini kudumu si kuwa wa milele, na mpita njia hakuongezewa uhai kwa kugandishwa.

Waislamu wa Tabora wana njia nyingine ya kulifikia jambo hilo. Wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ni Mashafii, na elimu ya itikadi katika mapokeo yao imejengwa juu ya shule ya Ashari. Wanazuoni wa shule hiyo walifundisha kwamba sifa za vitu, ukiwemo mwendo, hazidumu nyakati mbili. Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati, na mfuatano unaoonekana ni desturi aliyoiweka. Kwa mtazamo wa Aristotle, picha hukata kitu kisichokatika. Kwa mtazamo wa Ashari, ulimwengu wenyewe hutolewa wakati baada ya wakati, na hatua inayofuata ni neema wala si haki ya anayetembea. Picha haiwezi kuamua nani kati yao yuko sahihi, kwa kuwa pande zote mbili huielezea vizuri. Kuhusu uhalali wa picha yenyewe wanazuoni wametofautiana. Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliiruhusu kwa hoja kwamba kamera huzuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba, na haishindani naye katika kuumba.

Swali la tatu, la mtu, linapata msaada kwa John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alieleza wakati kwa vipimo viwili, Sasa na Zamani. Matukio hutoka Sasa na kuzama katika Zamani. Marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wengine, miongoni mwao Kwame Gyekye wa Ghana, walipinga dai la Mbiti kwamba wakati ujao karibu haupo katika fikra za Kiafrika, na pingamizi hilo lina nguvu. Hata hivyo, sehemu inayohusu jina inaangaza suala la picha. Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa msafiri David Livingstone, waliuchukua mwili wa bwana wao, aliyefariki Chitambo Mei 1873, wakapita nao Unyanyembe Oktoba mwaka huo na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mwaka huo huo walipigwa picha Uingereza wakiwa wametulia mbele ya kamera. Hakuna hatua hata moja inayoonekana humo, lakini anayejua majina na njia yao anauona mwendo wote. Wapagazi wasiotajwa jina katika picha za njia ya misafara hawana msaada huo. Mtazamaji huona mizigo na mabega, hana pa kuanzia kukumbuka.

Kutokana na hayo, wajibu wa mpigapicha wa mtaani unaweza kuelezwa bila kutumia sheria pekee, ingawa ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu. Mtu aliye njiani anatoka mahali na anakwenda mahali, na picha inayomkata humchukulia yote mawili. Ukungu unafaa pale jambo linalosemwa ni kupita kwa umati, kama abiria wanaoshuka stesheni ya Tabora, ambapo hakuna mmoja anayebeba picha peke yake. Ukimpunguza mtu mmoja aliyechoka na mzigo kuwa mkwaruzo mzuri wa rangi, unamfanya pambo. Mgandisho unafaa pale uso na kazi yake vinastahili kujulikana. Ukimnasa katika sekunde ya kujikwaa au mdomo ukiwa wazi, unasema neno la kweli kwa nia ya uongo. Tarehe, mahali na, mwenyewe akiridhia, jina lake, ni sehemu ya picha, kwa kuwa ndivyo vinavyompa mtazamaji wa kesho kabla na baada ya kipande alichopewa.

Majibu ya maswali matatu yanashikana. Picha mnato husema kweli juu ya mwendo ikiwa inachukuliwa kama ushahidi wa kipande cha muda, na hudanganya ikidai kwamba kipande hicho ndicho mwendo wote. "Sasa" iliyomo ndani yake ina urefu unaopimika, na hupata maana kwa nafsi inayokumbuka na kutarajia, ikiongozwa na alama zilizomo kwenye picha yenyewe. Mpita njia ana haki ya kuachiwa alama za kutosha ili atambuliwe kuwa mtu aliyekuwa safarini. Haki hiyo wapagazi wengi wa njia ya Tabora hawakuipata kwa sababu ya bamba lisiloweza kuona hatua na ya watu wasiouliza majina. Upungufu wa bamba ulitibiwa karne ya 19. Ule wa pili hauna dawa ya kifundi, na kila anayeinua kamera mtaani anapaswa kuuondoa mwenyewe.